Moki ipite ukaguzi wa aina bila kuung'oa

Ndugu zangu, jaribio likianguka kwenye isinstance (ukaguzi wa Python unaouliza kama kitu ni cha klasi fulani), msikimbilie kufuta ukaguzi. Ukaguzi una kazi yake. Tatizo ni moki, yaani kitu bandia kinachosimama mahali pa kitu halisi ndani ya jaribio. Tuchukue msimbo huu:

```python
class Malipo:
    def tuma(self, simu: str, kiasi: int) -> bool: ...

def lipa(mlango, simu, kiasi):
    if not isinstance(mlango, Malipo):
        raise TypeError("Nataka Malipo")
    return mlango.tuma(simu, kiasi)
```

Hatua ya 1. Pitisha `Mock()` tupu (ya unittest.mock) kwenye lipa ulione kosa kwa macho yako: TypeError.

Hatua ya 2. Ivishe sura ya klasi: `Mock(spec=Malipo)`. Sasa isinstance inakubali, kwa sababu moki ikiulizwa `__class__` inajibu Malipo.

Hatua ya 3. Usiishie hapo. Ukiita tuma bila kiasi, spec peke yake inanyamaza. Hapa ndipo nilipoumia: niliongeza kigezo kwenye methodi, majaribio yote yakapita, malipo halisi yakakwama mikononi mwa mteja. Tangu siku ile natumia create_autospec, inayokagua idadi na majina ya vigezo:

```python
from unittest.mock import create_autospec

def test_lipa():
    moki = create_autospec(Malipo, instance=True)
    moki.tuma.return_value = True
    assert lipa(moki, "namba", 500) is True
    moki.tuma.assert_called_once_with("namba", 500)
```

return_value usiisahau. Bila hiyo tuma inarudisha moki nyingine, na ndani ya `if` moki huhesabika kuwa kweli.

Swali: Nimeweka patch (inayobadilisha kitu kwa muda wa jaribio) juu ya Malipo yenyewe, isinstance inatupa TypeError. Kwa nini?

Jibu: Umeiondoa klasi ukaweka moki mahali pake, na isinstance inadai aina halisi upande wa pili. Iache klasi, badilisha methodi tu: `patch.object(Malipo, "tuma", autospec=True)`.

Swali: Mwalimu, msimbo niliorithi unauliza `type(x) is Malipo`. Hata spec inakataliwa.

Jibu: Itakataliwa daima, `type()` haidanganyiki na `__class__`. Tumia kitu halisi cha Malipo, methodi yake ukiibadilisha kama hapo juu.

Swali: Na mypy, ile zana inayokagua aina bila kuendesha msimbo, itanishika nikipitisha kiasi kama maandishi?

Jibu: Ukiita moki moja kwa moja, hapana, kwa mypy moki hiyo ni Any, yaani aina yoyote inakubalika, na autospec nayo haikagui aina za vigezo. Ukitaka ulinzi huo, andika klasi bandia ndogo inayorithi Malipo, uandike aina zote. Mistari michache tu, na mypy itaisoma.