Kutumia "dive" bila kutangaza msiba

Neno "zama" linabeba mzigo mkubwa. Mtumbwi umezama, mvuvi kazama kufungua wavu, mtoto kazama na kufa. Kiingereza kina neno lake kwa kila moja. Ukimwambia mgeni pale Kibirizi, Kigoma, "my brother drowned this morning", nia yako kusema alipiga mbizi ("dived") asubuhi, ataanza kukupa pole.

Kabla ya kusema "dive" jiulize: ameenda chini kwa kutaka, kwa mwendo wake mwenyewe? Ndege mdiria anatulia hewani akipigapiga mbawa, kisha anashuka mdomo mbele na kuibuka na dagaa: hapo ni "dives". Chombo kikijaa maji kikaenda chini ni "sinks". Aliyekufa maji, "drowned". Aliyeteleza mwambani akatumbukia, "fell in". Makusudi peke yake hayatoshi. Meli ya Liemba ya Ziwa Tanganyika ilizamishwa na Wajerumani wenyewe mwaka 1916, na Waingereza wakaiopoa mwaka 1924, lakini huwezi kuandika "the ship dived", kwa sababu kuna watu walioizamisha. Kwa vyombo vya majini, "dive" ni ya nyambizi.

Kisha angalia kineno kinachofuata. "Dive off the boat" ni kujirusha kutoka kwenye boti. "Dive into the lake" ni kuingia ziwani. "Dive for shells" ni kupiga mbizi kutafuta makombe.

Wakati uliopita ni "dived". Wamarekani wengi husema "dove", hutamkwa "douvu". Ile ya njiwa huandikwa vilevile ila hutamkwa "davu". Kwenye mtihani wa shule zetu andika "dived", usijitafutie balaa.

Kibao cha "No diving" kando ya maji usikitafsiri "Hakuna kuogelea". Mara nyingi maana yake ni "Usijirushe kichwa mbele": maji ni mafupi au kuna mawe chini, na shingo huvunjika. Kuogelea huenda kunaruhusiwa.

Mzamiaji wa meli, yule anayejificha asafiri bure, ni "stowaway". Ukimwita "diver" watamtafuta majini.

Mpirani, tazama nani ametajwa. Kipa "dived": alijirusha, anasifiwa. Mshambuliaji "dived" ndani ya boksi: alijiangusha ili apewe penalti, na hapo unamwita tapeli.