Paka mtoto anaharisha ila anacheza? Kata maziwa kwanza

Kama paka wako wa miezi miwili mitatu anaharisha lakini bado anarukaruka na kung'ata vidole, acha kumpa maziwa ya ng'ombe, yote, hata yale ya kulainishia ugali. Akishaacha kunyonya tumbo lake linazidi kushindwa kusaga sukari ya maziwa, inabaki kwenye utumbo inavuta maji ndo choo kinakuwa uji. Mpe kuku wa kuchemsha bila chumvi, toa mifupa yote, na kitunguu usiweke kabisa maana kwa paka ni sumu, kijiko kimoja mara nne tano kwa siku, maji safi yawepo muda wote. Wangu siku ya pili tu choo kikaanza kushikana. Kama ni minyoo hii haitasaidia, anataka dawa inayopimwa kwa uzito wake. Na ukiona damu, anatapika, amepoa hataki kucheza au fizi zimekauka zinanata ukizigusa, usingoje kesho jamani, wadogo hivi wanaishiwa maji haraka sana, mpeleke kwa daktari wa mifugo, na vidonge vya watu vya kuzuia kuharisha usimpe.