Kabla hujampandisha mbwa wako na mbwa wa aina nyingine

Ukitaka kujua kama mpango wako wa kuzalisha mbwa chotara ni wa haki, usianze na yule mtoto mwenye manyoya ya mawimbi uliyemwona kwenye simu. Anza na yule atakayebaki wenzake wakishachukuliwa. Pengine nywele zake zimenyooka na wateja walitaka zilizojisokota, au ana ngiri ya kitovu, au ni jike na kila mtu aliulizia dume. Huyo atakula kwa nani? Nani atamchanja, na atakuwa anaishi wapi akifikisha miaka saba? Kama jibu unalo, tuendelee. Kama huna, soma tu, kusoma hakuna gharama.

Mimi nauza dawa za mifugo Busia, upande wa Uganda. Nina stashahada ya afya ya wanyama, na riziki yangu hasa inatoka kwa ng'ombe, mbuzi na kuku. Lakini mambo ya mbwa yameongezeka. Zamani mtu alikuja kuomba dawa ya kupe akaenda zake. Siku hizi anatoa simu, ananionyesha picha: "Dokta, huyu wangu ni Maltese. Kuna jamaa Tororo ana Poodle. Tukiwapandisha si tutapata Maltipoo? Unajua Kampala wanauzwa bei gani?" Bei naijua.

Niseme mapema kwamba uchotara wenyewe haunisumbui. Aina nyingi za mbwa zenye jina na cheti leo zilianzia kwa mtu fulani aliyechanganya mbwa waliokuwepo kwa sababu fulani. Kwa hiyo mwongozo huu unaanza na sababu.

Chukua karatasi uandike kwa nini unataka watoto hawa, kwa sentensi moja ambayo mtu mwingine anaweza kuja kuipima. "Wanapendeza" haipimiki. "Nataka mbwa wa kuongoza kipofu ambaye mume wake ana mzio wa mbwa" inapimika, na ndiyo iliyozaa Labradoodle maarufu. Mwishoni mwa miaka ya 1980, Wally Conron alikuwa akizalisha mbwa wa kuongoza vipofu nchini Australia. Ombi lilitoka kwa mama mmoja kipofu wa Hawaii. Conron akajaribu kwanza Poodle wakubwa, mbwa wa nywele za kujisokota zisizopukutika sana, hawakuiweza kazi, ndipo akapandisha Labrador na Poodle. Wakazaliwa watoto watatu, na mmoja, Sultan, akamfaa yule mama na mumewe. Wale wawili waliobaki hawakupata wa kuwachukua, ingawa kulikuwa na foleni ya watu wanaosubiri mbwa, kwa sababu kila mmoja alitaka mbwa wa aina moja safi. Likatungwa jina la Labradoodle, likatangazwa, simu zikaanza kulia. Mbwa ni walewale. Miaka mingi baadaye Conron mwenyewe alisema hadharani kwamba anajuta, kwa jinsi alivyoona watu wakizalisha chotara kwa ajili ya pesa bila kupima afya ya wazazi.

Tazama hesabu hiyo tena. Mtu mwenye ujuzi, mwenye sababu nzuri, alipata mmoja kati ya watatu. Wewe na jamaa wa Tororo mnategemea wangapi?

Na kwa kuwa mzio umetajwa: usimwambie mteja kwamba chotara wako "haleti mzio". Kinachowasumbua watu ni protini iliyo kwenye mate na kwenye ukoko wa ngozi, na mbwa asiyepukutisha nywele anayo pia. Watafiti wa Uholanzi walipima jambo hilo na kuchapisha matokeo mwaka 2012. Nywele za mbwa wanaosifiwa kuwa salama kwa wenye mzio hazikuwa na protini kidogo kuliko za wengine. Kwa kweli zilikuwa na zaidi. Mteja mwenye mzio aje akae na mtoto yuleyule anayemtaka, siku tofauti, kabla hajatoa hata shilingi.

Sasa afya. Hapa ndipo uongo mwingi unapopita, na mwingine unasemwa kwa nia njema. Watu husema damu mpya huondoa magonjwa. Kuna ukweli ndani yake: ugonjwa unaohitaji nakala mbili za jeni mbovu (chembe ya urithi) hautamshika mtoto akipata nakala moja tu, na aina mbili zisizo na ugonjwa wa pamoja zikichanganyika, unajificha. Lakini Labrador na Poodle mkubwa wote wana tatizo la nyonga. Labrador, Poodle na Cocker Spaniel wote wana ugonjwa mmoja wa kurithi unaoua retina polepole hadi mbwa anapofuka. Ukiwapandisha wawili ambao kila mmoja amebeba nakala moja, wao wanaona vizuri, lakini kila mtoto ana nafasi moja kati ya nne ya kuwa kipofu. Uchotara hapo haujasaidia kitu. Mwaka 2024 chuo cha udaktari wa mifugo cha Royal Veterinary College cha London kilichapisha utafiti wa mbwa zaidi ya 9,000, kikiwalinganisha Cockapoo, Labradoodle na Cavapoo, wote chotara wa Poodle, na aina walizotoka. Kwa sehemu kubwa ya magonjwa hawakuona tofauti. Chotara hakuwa mgonjwa zaidi, wala hakuwa mzima zaidi.

Kwa hiyo wapime wazazi wote wawili. Nyonga hupigwa eksirei mbwa akiwa amelazwa kwa dawa, na jibu la kuaminika hupatikana akishatimiza miaka miwili. Kwetu huku Busia hutapata huduma hiyo. Panga safari ya Kampala, kwenye kliniki kubwa au kwa madaktari wa mifugo wa Chuo Kikuu cha Makerere. Kipimo cha jeni huchukuliwa kwa pamba ndani ya shavu na kupelekwa maabara za nje. Ni ghali, ndiyo. Mtu akiniambia hawezi kulipia vipimo lakini anategemea kuuza watoto kwa bei ya Kampala, huwa namuuliza kama angenunua ng'ombe wa maziwa bila kumshika kiwele.

Kuna vipimo vingine ambavyo miongozo ya Ulaya haivisisitizi, na kwetu ndivyo vya kwanza. Kuna uvimbe wa sehemu za siri unaoambukizwa kwa kupandana. Unafanana na koliflawa, unavuja damu, na chembe zenyewe za saratani ndizo zinazohama kutoka mbwa mmoja hadi mwingine. Huwapata sana mbwa wanaozurura. Dume anayekodishwa mtaa kwa mtaa anaweza kuueneza kwa majike wengi kabla mwenyewe hajagundua. Unatibika, mara nyingi kwa sindano za vinkristini, dawa ya saratani, lakini mgonjwa hapandishwi. Pima pia ugonjwa wa brusela, maana hutoa mimba na humpata hata binadamu. Homa ya kupe nayo itibiwe na iishe kabisa kabla ya kufikiria mimba.

Umbo la mama ni jambo la maneno machache: dume asiwe mkubwa kuliko jike. Mbwa mdogo kama Maltese aliyepandishwa na mbwa mkubwa anaweza kukwama wakati wa kuzaa, na mimba huchukua siku kama 63 tu, kwa hiyo huna muda mrefu wa kutafuta daktari wa upasuaji. Jina na namba yake uwe nazo kabla hawajapandana, na umuulize waziwazi kama hupokea simu saa nane usiku. Jike asipandishwe kwenye joto lake la kwanza. Mwache akomae, angalau mwaka mmoja na nusu hadi miwili. Apumzike kati ya mzao na mzao. Kennel Club ya Uingereza kwa kawaida haisajili zaidi ya mizao minne kwa jike mmoja maisha yake yote. Mimi naona hata minne ni mingi kwa mbwa anayekula posho (ugali) na mukene (dagaa).

Tuje kwa chotara ambaye huku ndiye wa kweli, kuliko hao wenye majina matamu. Watu wa Uganda wanapochanganya kwa makusudi, mara nyingi wanatafuta ukali: Boerboel na German Shepherd, Rottweiler na yeyote anayebweka sana. Mtu ana duka la jumla au nyumba yenye ukuta, anataka mbwa mkubwa kama huyu na mwepesi kama yule. Sioni ubaya kwa mbwa wa ulinzi. Ila woga hurithiwa, na mbwa anayeuma ovyo mara nyingi ni mwoga. Ukichagua wazazi kwa sababu waliwahi kumrarua mtu, unazalisha mnyama ambaye hawezi kutofautisha mwizi na mtoto wa jirani aliyefuata mpira. Wapime hivi: mgeni aingie akiwa na mwenye nyumba, mbwa anyamaze; kitu kianguke kwa kishindo, ashtuke kisha arudi kuchungulia. Asiyeweza haya mawili asizae, hata kama ana kifua kama cha ndama. Nchi yetu bado ina kichaa cha mbwa, na kila anayeng'atwa lazima aoshe jeraha kwa maji na sabuni kisha akimbilie chanjo. Unapomuuza mbwa mkali, familia ya mteja na majirani zake wote wanaingia kwenye hatari hiyo bila kuulizwa.

Wakishazaliwa, gharama zinaanza. Minyoo inatibiwa wakiwa na wiki mbili, kisha kila baada ya wiki mbili mpaka waache kunyonya. Chanjo ya parvo na distempa, magonjwa ya virusi yanayoua watoto wa mbwa, inaanza kati ya wiki ya sita na ya nane, na inarudiwa. Ya kichaa cha mbwa ni wakiwa na miezi mitatu. Mama mwenye watoto wengi hula mara mbili au tatu ya chakula chake cha kawaida. Kuanzia wiki ya tatu watoto wazoeshwe watu, redio, boda zinazopita, kuku, watoto wa shule. Kazi hiyo hakuna anayeilipia na ndiyo inayomfanya mbwa awe mbwa wa kukaa na watu. Ukijumlisha yote kwa uaminifu, faida inayobaki ni ndogo. Anayepata faida nono kuna hatua ameziruka.

Usimtoe mtoto kabla ya wiki nane. Nimewaona wakipitishwa njia za panya ndani ya boksi la biskuti, macho ndiyo kwanza yamefunguka, kwa sababu Mkenya wa upande wa pili amelipa na hataki maswali. Kuvusha mbwa kunahitaji cheti cha chanjo na kibali cha daktari wa mifugo, na mtoto wa umri ule hawezi kuwa na hata kimoja.

Mwambie mteja ukweli wa damu. Andika: mama aina hii, baba aina hii, kizazi cha kwanza. Chotara wa kwanza wa Poodle mara nyingi huwa na ndevu na nyusi ndefu, kwa sababu nakala moja ya jeni ya ndevu inatosha. Mteja akimpandisha na chotara mwenzake, kwa wastani mmoja kati ya wanne atatoka na uso mtupu, bila ndevu, na huyo ndiye yule mtoto wa kubaki niliyeanza naye. Mweleze pia juu ya manyoya: nywele hizo hujisokota zikashikana mpaka kwenye ngozi, na chini yake kupe wanakaa wakishiba. Zichanwe kila siku, zinyolewe mara kwa mara. Asiye na muda huo achukue mbwa wa nywele fupi.

Kisha mwandikiane. Huku tunauziana viwanja na ng'ombe mbele ya mwenyekiti wa LC1 (baraza la kijiji) kwa karatasi na sahihi. Mbwa wa bei ile hana sababu ya kuuzwa kwa mdomo. Kifungu muhimu ni kimoja, kinachomwambia mteja: "Ukishindwa kumtunza, wakati wowote, unamrudisha kwangu, humtupi wala humuuzi kwa mwingine." Usipoweza kutia sahihi hapo, rudi kwenye swali la mwanzo.

Na kama karatasi yako ya sababu inasema tu "nataka mbwa mzuri", huna haja ya kumpandisha mbwa yeyote. Mbwa wa kienyeji tunayemdharau kuwa mchanganyiko wa ovyo si hivyo: utafiti wa vinasaba wa mwaka 2009 uliopima mbwa wa vijijini Misri, Uganda na Namibia ulikuta wa Uganda karibu wote ni wa asili ya Afrika, si mabaki ya mbwa wa kizungu. Gulu, shirika la The Big Fix linawafunza mbwa kama hao kukaa na watu waliojeruhiwa rohoni na vita. Kampala kuna kituo cha USPCA, chama cha kulinda na kutunza wanyama Uganda, chenye mbwa wanaosubiri nyumba.

Wengine huja kwangu jike akiwa ameshapandwa usiku na dume aliyeruka ukuta. Tafadhali usimpe jike vidonge vya uzazi wa mpango vya binadamu, wala usikubali sindano ya kuzuia mimba kutoka kwa mtu yeyote anayepita. Dawa za homoni za aina hiyo huleta usaha kwenye kizazi, na jike hufa nao. Mpeleke kwa daktari mapema, tumbo halijaonekana, mjadiliane kama atafungwa kizazi sasa au atazaa kwanza. Akizaa, subiri amalize kunyonyesha, kisha mfunge. Dume wa jirani naye ahasiwe siku hiyohiyo. Mwombe daktari bei ya wawili, na jirani achangie.