Kukusanya komiki za zamani za mashujaa: anza na mkono wa mchoraji

Wakuu, wengi wakianza kukusanya komiki za zamani za Marekani wanakimbilia shujaa, mara Superman mara Spider-Man, hela inakata kabla boksi moja halijajaa. Mimi nashauri ufuate mchoraji, na nitaelekeza kwa Jack Kirby, mchoraji wa komiki wa Marekani, maana ndo ninayemkusanya.

Hatua ya 1: chagua kipande cha kazi yake. Kirby kachora mno, huwezi kummaliza. Komiki ya Fantastic Four ya kampuni ya Marvel peke yake kapiga matoleo 102 mfululizo kuanzia 1961, halafu 1970 akahamia DC, kampuni pinzani, akaanzisha New Gods na Forever People. Kama mfuko mdogo anza na hizo za DC, kila moja alichora matoleo 11 tu, seti inakamilika.

Hatua ya 2: jifunze mkono wake kabla hujatoa hata senti. Hapa usiwe na haraka. Tafuta Fantastic Four 48 hadi 50, za 1966, zile za Galactus na Silver Surfer, hata kwenye kitabu cha marudio ni sawa, uangalie vidole: ncha zake ni za mraba, na ngumi inakujia usoni kama inataka kutoka kwenye karatasi. Penye nguvu za anga utakuta vidoti vyeusi vimerundikana na weupe umebaki katikati yake, mashabiki wanaita Kirby Krackle. Halafu weka pembeni Spider-Man ya Steve Ditko, yeye ndo alichora Amazing Spider-Man 38 za kwanza, uone watu wake wembamba, vidole vimejikunja, nyuso zina wasiwasi. Ukishaiona hiyo tofauti haikutoki tena.

Na mtu wa wino usimsahau, maana Kirby alikuwa anachora kwa penseli na mwingine anapitisha wino juu. Joe Sinnott akipitisha, chuma kinang'aa kweli. Vince Colletta kwenye Thor alikuwa anafuta hadi watu wa nyuma ili kazi iishe mapema, mimi hiyo inaniuma mpaka leo. Kwa hiyo soma majina ukurasa wa kwanza, na usihukumu kwa kava: Amazing Fantasy 15 ya 1962 ndani ni Ditko, ila penseli ya kava ni Kirby.

Hatua ya 3: hakikisha ni ya asili. Marvel's Greatest Comics na Marvel Tales zilirudia hadithi za zamani, ni nzuri kusoma na bei ni ya chini, ila usiuziwe kwa bei ya asili. Soma maandishi madogo ya mchapishaji, jina na mwaka viko hapo.

Hatua ya 4: hesabu kurasa, moja moja. Komiki nyingi za Marvel za 1974 na 1975 zilikuwa na stempu za kukata, yaani vipicha vidogo vilivyochapwa kwenye ukurasa wa ndani, watoto walizikata kweli. Mimi nilinunua moja kava safi, pini hazina kutu, nafika nyumbani nafungua katikati nakuta kitundu cha mraba, na kipande cha ukurasa wa nyuma nacho kimeondoka. Hulk 181, yenye Wolverine, ikikosa stempu thamani inashuka vibaya sana, so muombe muuzaji picha ya ukurasa huo.

Hatua ya 5: utunzaji. Karatasi yake ni ya gazeti, ina asidi, inageuka njano. Tumia bahasha ya Mylar, plastiki angavu isiyoharibu karatasi, na kadibodi isiyo na asidi, simamisha wima kwenye boksi, mbali na jua na unyevu. Huku pwani usiweke sakafuni wala ukutani.

Mwisho kila bahasha naweka kikaratasi: mwandishi nani, penseli nani, wino nani. Mwandishi Bill Finger alishiriki kumuumba Batman 1939 na jina lake limeanza kutajwa rasmi 2015, kwangu jina lake liko kwenye kila Batman niliyonayo.