Draiva ya Wi-Fi: isome kadi yenyewe, usikisie kwa jina la laptopu

Ukishapiga Windows upya kwenye laptopu, cha kwanza kugoma mara nyingi ni Wi-Fi, kwa sababu draiva, yaani programu inayoiwezesha Windows kuitumia kadi ya Wi-Fi iliyo ndani ya laptopu, haipo. Skrini inawaka, sauti inatoka, lakini kule kona ya chini kulia kuna kidunia chenye alama ya kukataza, na orodha ya mitandao haipo. Hapo ndipo mtu anashika simu, anatafuta "draiva ya Wi-Fi ya HP 15", anapakua faili la kwanza analoliona. Linakataa. Anapakua la pili, nalo linakataa, mpaka bando linakwisha.

Kosa liko kwenye swali. HP 15 si laptopu moja, ni ukoo mzima. Ndani yake unaweza kukuta kadi ya Realtek, ya Broadcom, ya Intel au ya Ralink, kutegemea toleo na soko lilikopelekwa. Kwa laptopu za mtumba, zile za Kariakoo au za Luthuli pale Nairobi, ndiyo usiseme: huenda fundi aliyetangulia alishachomoa kadi ya awali akaweka nyingine, na stika ya chini haikuambii hilo. Kadi ya Wi-Fi yenyewe inabeba namba yake, na Windows inaisoma hata kama draiva haipo. Hiyo namba ndiyo ya kutafutia.

Hatua ya 1: Hakikisha kweli ni draiva

Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na X, chagua Device Manager. Fungua kipengele cha Network adapters, kisha utazame na chini yake kama kuna kipengele kinaitwa Other devices.

Ukiona jina lenye neno Wireless, Wi-Fi, WLAN au 802.11, na halina alama yoyote ya njano, draiva ipo. Usipakue kitu. Angalia kama hali ya ndege imewashwa. Kwenye HP nyingi kitufe chake ni F12 chenye picha ya mnara, na kikiwaka rangi ya chungwa maana yake Wi-Fi imezimwa. ThinkPad za zamani zina swichi ya kusukuma pembeni ambayo watu huigusa bila kujua. Ukiona kishale kidogo kinachoelekea chini juu ya jina la kadi, kadi imezimwa tu. Bofya kulia, chagua Enable device. Na kama kila kitu ni kizima lakini mitandao haionekani, andika services.msc kwenye kisanduku cha kutafutia, tafuta WLAN AutoConfig, uhakikishe inaendeshwa na imewekwa Automatic.

Ukiona Other devices, na chini yake Network Controller yenye pembetatu ya njano, huyo ndiye tunayemtafuta. Ukibofya mara mbili utakuta Code 28, yaani draiva haijasakinishwa. Hapa watu wengi huchanganya: Network Controller kwa kawaida ndiyo kadi ya Wi-Fi, ila Ethernet Controller ni tundu la kebo. Vivyo hivyo, jina kama Realtek PCIe GbE Family Controller ni la kebo. Nimeona watu wakisakinisha draiva ya kebo, inakubali vizuri, halafu wanashangaa Wi-Fi bado haipo. Majina ya WAN Miniport na Wi-Fi Direct Virtual Adapter yapuuze. Hayo hayana kadi nyuma yake.

Na kama hakuna jina la Wi-Fi wala Network Controller popote, draiva haitakusaidia. Kompyuta haiioni kadi. Zima laptopu, chomoa chaja, toa betri kama inatoka, bonyeza kitufe cha kuwashia kwa sekunde 30 bila kuachia, kisha uwashe. Ikiwa bado, ingia BIOS, yaani mipangilio ya msingi ya mashine inayofunguka kabla ya Windows, uone kama Wireless haijafungwa huko. Ikishindikana, kadi imelegea au imekufa, na hapo ni kazi ya bisibisi.

Hatua ya 2: Soma namba ya kadi

Bofya mara mbili Network Controller, nenda kwenye kichupo cha Details, na kwenye Property uchague Hardware Ids. Utatokea msururu wa mistari. Uchukue wa juu kabisa, kwa sababu ndio mrefu na wenye habari zote. Huu hapa wa kadi iliyomo kwenye baadhi ya HP:

PCI\VEN_10EC&DEV_D723&SUBSYS_8319103C&REV_00

Usiogope, unasomeka kipande kwa kipande. VEN ni aliyetengeneza kadi. 10EC ni Realtek. DEV ni kadi gani hasa. D723 ya Realtek ni RTL8723DE. SUBSYS inakueleza kadi iliagizwa na nani: tarakimu nne za mwisho, 103C, ni HP. Ukikuta 17AA ni Lenovo, 1028 ni Dell. REV usihangaike nayo.

Namba za watengenezaji utakaokutana nao karibu kila siku ni chache: 8086 ni Intel, 10EC ni Realtek, 14E4 ni Broadcom, 168C ni Qualcomm Atheros, 14C3 ni MediaTek, na 1814 ni Ralink. Kama unashughulika na ile Wi-Fi ndogo ya kuchomeka kwenye USB, mstari utaanza na USB\VID badala ya PCI\VEN, na namba hubadilika: Realtek huko ni 0BDA, Ralink ni 148F.

Mifano ya kadi zinazorudi mara kwa mara mezani: 8086 na 24F3 ni Intel 8260, 8086 na 2723 ni Intel AX200, 10EC na C821 ni RTL8821CE, 14E4 na 4365 ni Broadcom BCM43142, 168C na 0042 ni Qualcomm QCA9377. Piga picha mstari wako wote kwa simu. Usijaribu kuushika kichwani.

Hatua ya 3: Pata intaneti kwenye mashine isiyo na Wi-Fi

Njia rahisi kuliko zote ni simu ya Android na kebo ya USB. Chomeka simu, ingia kwenye mipangilio ya hotspoti, washa USB tethering. Windows huiona simu kama mtandao wa kebo bila kudai draiva nyingine. Jambo zuri ambalo wengi hawalijui: simu nyingi zikiwa zimeunganishwa kwenye Wi-Fi ya nyumbani au ofisini, hupitisha Wi-Fi hiyo hiyo kwenda kwenye laptopu kupitia kebo. Bando lako linabaki salama. iPhone huwa inadai programu ya Apple kwanza, kwa hiyo kwa kazi hii azima Android.

Kama unatumia bando, fungua Settings, Network & internet, Ethernet, na uwashe Metered connection mara tu mtandao unapoonekana. Usipofanya hivyo, Windows iliyotoka kupigwa itaanza kushusha masasisho yake kimyakimya na itakula data yote kabla hujafika kwenye draiva. Ukiiwasha, Windows inaweza kukataa kushusha draiva yenyewe. Sawa tu, tutaipakua kwa mkono.

Kama mtandao ni wa bure na wa kutosha, usiwashe hiyo. Acha imeunganishwa, ingia Windows Update, bonyeza Check for updates, kisha tazama Optional updates, sehemu ya draiva. Mara nyingi kadi yako itajitokeza hapo na kazi itakuwa imekwisha.

Hatua ya 4: Tafuta draiva kwa mpangilio huu

Anzia kwa aliyetengeneza laptopu, yaani HP, Dell, Lenovo na wenzao, kwenye ukurasa wao wa msaada. Weka namba ya utambulisho ya mashine, ile Serial Number. Dell wao wanaiita Service Tag na ina herufi na tarakimu saba. Stika ikiwa imefutika, fungua PowerShell uandike:

Get-CimInstance Win32_BIOS

Kwenye sehemu ya Network au Wireless utakuta pengine draiva tatu au nne tofauti kwa modeli hiyo hiyo. Sasa namba yako ya DEV ndiyo inayoamua. Una RTL8723DE? Chukua ya Realtek, ziache za Intel na Broadcom hata kama zina tarehe mpya zaidi. Hakikisha pia ni 64-bit kama Windows yako ni ya 64-bit. Windows 11 yote ni ya 64-bit. Kwa Windows 10 angalia Settings, System, About.

Kadi ikiwa ya Intel, unaweza kwenda moja kwa moja kwa Intel. Wao hutoa kifurushi kimoja kinachohudumia kadi nyingi. Ila soma orodha ya kadi inazozihudumia kabla ya kupakua, maana vifurushi vipya huziacha kadi kongwe kama 7260. Broadcom, Realtek na wengine huwaachia watengenezaji wa laptopu kazi ya kugawa draiva za kadi za ndani, kwa hiyo usipoteze muda kuzunguka kwao.

Laptopu ikiwa kongwe na mtengenezaji hana tena kitu, nenda catalog.update.microsoft.com, hazina ya Microsoft yenyewe. Kwenye kutafuta bandika PCI\VEN_10EC&DEV_D723, yaani vipande viwili vya mwanzo vya mstari wako. Utapata faili la .cab, yaani kifurushi kilichobanwa. Tengeneza folda C:\draiva, kisha kwenye Command Prompt ya msimamizi (itafute, bofya kulia, Run as administrator), ukiwa ndani ya folda ulimopakulia, andika:

expand jina-la-faili.cab -F:* C:\draiva

Zile programu zinazoahidi kusasisha draiva zote kwa kubofya mara moja, mimi siziweki kwenye mashine ya mtu. Nyingi zinakuja na mizigo mingine, na kadi ya Wi-Fi ikishapewa draiva ya jirani yake, utatumia muda mrefu kuiondoa kuliko ambao ungetumia kusoma mstari mmoja.

Hatua ya 5: Kagua kabla ya kusakinisha

Hatua hii haichukui dakika mbili na inaokoa saa nzima. Draiva ikiwa kwenye folda, tafuta faili lenye mwisho wa .inf, ulifungue kwa Notepad, bonyeza Ctrl na F, andika DEV_D723 au namba yako. Ikionekana, draiva hiyo inaijua kadi yako. Isipoonekana kwenye .inf yoyote ya folda hiyo, achana nayo, hata kama jina la faili linafanana vipi na laptopu yako.

Ukipakua .exe ya HP, ikifunguliwa hujitandaza ndani ya C:\SWSetup. Ya Lenovo mara nyingi huenda C:\DRIVERS. Hata kisakinishi kikigoma na kusema mashine haifai, mafaili huwa yameshatua humo, na unaweza kuendelea nayo.

Hatua ya 6: Sakinisha

Kama .exe imekubali, fuata maelekezo yake, washa upya, basi. Kama una folda yenye .inf, rudi Device Manager, bofya kulia Network Controller, Update driver, Browse my computer for drivers, onyesha folda, na weka alama kwenye Include subfolders. Jina Network Controller litabadilika kuwa jina halisi la kadi, litahamia Network adapters, na mitandao itaanza kujitokeza.

Kisha thibitisha. Kwenye Command Prompt andika netsh wlan show drivers. Tazama mstari wa Radio types supported. Ukisoma 802.11b, g na n peke yake, bila a wala ac, kadi yako haijui masafa ya GHz 5. BCM43142 na RTL8723DE ni za aina hiyo. Mtu atakuja kulalamika kwamba laptopu inaona Wi-Fi ya jirani lakini haioni hotspoti ya simu yake mwenyewe. Ingia kwenye hotspoti, ibadilishe iwe GHz 2.4, itaonekana. Hakuna draiva itakayoongeza masafa ambayo kadi haina.

Ikigoma baada ya hapo

Code 10 maana yake draiva ipo lakini kadi imeshindwa kuanza. Kwenye kadi za Intel kama AX200 na AX201, ile dawa ya kuzima na kubonyeza kitufe cha kuwashia kwa sekunde 30 huponya mara nyingi. Wi-Fi ikikatika kila laptopu inapotulia, ingia kwenye Properties za kadi, kichupo cha Power Management, uondoe alama inayoiruhusu kompyuta kuizima ili kuokoa umeme. Ikiwa ilikuwa nzima mpaka sasisho la juzi, kichupo cha Driver kina Roll Back Driver.

Ukiamua kununua kadi nyingine, angalia mambo mawili. AX201 hufanya kazi na baadhi ya mashine zenye prosesa za Intel tu. Kwenye AMD itakaa kimya, kwa hiyo huko chukua AX200 au AX210. Na baadhi ya HP na ThinkPad za zamani zina BIOS inayokataa kuwaka ikiona kadi isiyokuwa kwenye orodha yake.

Wa Linux wenzangu: lspci -nnk hutoa namba hizo hizo kwa sura ya [10ec:d723], pamoja na draiva inayotumika. Kwa BCM43142 kwenye Ubuntu, fungua Additional Drivers uchague ya Broadcom. Secure Boot ikiwa imewashwa utaulizwa nenosiri la kusajili ufunguo, usiliruke.

Mara inapofanya kazi, chomeka flashi, tengeneza humo folda iitwayo draiva, na kwenye Command Prompt ya msimamizi andika hivi, ukibadilisha E kwa herufi ya flashi yako:

dism /online /export-driver /destination:E:\draiva

Draiva zote zisizo za Windows yenyewe zitanakiliwa humo. Siku ya kupiga Windows tena, elekeza Update driver kwenye folda hiyo, au andika pnputil /add-driver E:\draiva\*.inf /subdirs /install, na hutahitaji simu ya mtu.