Kukaza shokapu za mbele za guta la mizigo linalopita njia mbovu

Jirani yangu wa Msongola anabeba tofali na mchanga kwa guta la magurudumu matatu. Kila akiingia kwenye korongo, shokapu za mbele zilikuwa zinapiga mwisho, ko! na usukani unataka kumtoka mkononi. Ushauri aliokuwa amepewa ni kuchomelea springi za pembeni. Huo mimi siupendi hata kidogo: unachomelea kitu kigumu kwenye kitu ambacho hujakifungua kukitazama. Tulizifungua, tukazikaza kwa ndani, na guta linafanya kazi.

Maelezo haya ni ya guta lenye shokapu mbili za bomba kama za pikipiki, springi ikiwa ndani. Bajaji ya abiria ina mpangilio mwingine mbele, hayaihusu.

Kabla ya yote, jua nini kinabeba nini. Springi inabeba uzito. Oili inaituliza springi isiruke ovyo. Halafu kuna hewa iliyobaki juu ya oili, ambayo nayo ni springi, na inazidi kuwa ngumu kadiri shokapu inavyozama. Hii ya tatu wengi wanaisahau, na ndiyo rahisi na nafuu kuliko zote kuibadilisha.

1. Kagua

Inua mbele, tikisa gurudumu mbele na nyuma. Likicheza, shughulikia kwanza beringi za usukani. Bomba la kung'aa (lile la ndani) likiwa na kutu au limepinda, au sili zinazozuia oili zinavuja, badilisha. Huwezi kukaza shokapu inayotoa oili.

2. Fungua

Jeki chini ya fremu, mawe kwenye matairi ya nyuma, gurudumu la mbele liwe hewani. Legeza bolti ya kibanio cha juu, kisha nati ya juu ya shokapu, ndipo uichomoe shokapu yenyewe. Ukianza kwa kuichomoa, nati ile utahangaika nayo. Inapofika nyuzi za mwisho, ikandamize kwa kiganja na usiweke uso juu yake, kwa sababu springi inaisukuma.

Toa springi, mwaga oili, suuza kwa dizeli, acha ijichuje mpaka ikauke.

3. Oili

Hapa usiwe na haraka.

Nunua oili ya shokapu. Kama ilikuwa namba 10, weka 15; namba ikiwa kubwa, oili ni nzito zaidi. Joto la Dar linalainisha oili, kwa hiyo 15 inafaa, na 20 kwa anayebeba mzigo kila siku. Oili ya injini 20W-50 siiweki, hata kama mafundi wengi wanaiweka. Ni nzito mno. Kwenye barabara ya matuta madogo kama ya Chanika, shokapu inazama na kabla haijarudi tuta jingine limefika, inazama tena, mwishowe unaendesha kama huna shokapu. Oili iliyotumika ndiyo usiiguse kabisa, ina chembe za chuma zinazokula sili.

Sasa kiasi. Mafundi wengi wanapima kwa kikopo, sawa sawa kila upande, wanafunga. Tatizo ni kwamba upande mmoja ulibaki na oili ya zamani kidogo, mwingine ulikauka, na hewa imejificha chini. Kwa hiyo pima usawa wa oili, achana na ujazo. Fanya hivi: springi ikiwa nje, sukuma bomba la ndani mpaka chini kabisa. Mimina oili. Vuta na sukuma bomba taratibu, juu chini, mpaka usikie uzito uleule mwanzo hadi mwisho. Ukisikia sehemu laini, bado kuna hewa. Sukuma bomba chini tena, simamisha shokapu wima, iache mpaka mapovu yaishe, ndipo upime kutoka mdomo wa bomba hadi kwenye uso wa oili.

Rula inadanganya ndani ya bomba jembamba. Tumia bomba la sindano kubwa la duka la dawa na kipande cha mpira wa dripu. Funga mpira kwenye waya mnyoofu, tia alama milimita 130 kutoka ncha. Jaza oili kupita kiasi kidogo, teremsha mpira mpaka alama ikae sawa na mdomo, vuta. Mpira ukianza kunyonya hewa, usawa ni 130 kamili. Rudia shokapu ya pili kwa mpira uleule.

Kama kitabu cha chombo chako kinataja kipimo, anza nacho badala ya 130. Bado inapiga mwisho? Punguza nafasi ya hewa kwa milimita 10, ujaribu tena. Mimi sishuki chini ya 100. Hewa ikibanwa mno, inazisukuma sili nje.

4. Kipande cha kuongeza

Kipande cha bomba juu ya springi kinaifanya ianze ikiwa imebanwa, mbele isizame kabla hata ya mzigo. Ugumu wa springi yenyewe haubadiliki. Anza na milimita 10. Bomba la chuma ni bora kuliko la plastiki. Kata ncha ziwe mraba, weka washa juu na chini.

Hesabu kwanza: springi ya milimita 350, waya wa milimita 4, mizunguko 50, ikibanwa yote inabaki 200. Una 150 za kuchezea. Mwendo wa shokapu, yaani urefu inaoweza kuzama, ukiwa 110 na umeongeza 20, imebaki 20. Ikifika sifuri, springi inagongana yenyewe.

5. Kukata springi, kama bado inapiga mwisho

Ukitoa mizunguko 10 kati ya 50, springi inakuwa ngumu kwa robo zaidi. Kata kwa grenda, usitumie gesi, moto unaua chuma. Jazia urefu uliokata kwa bomba, rudia hesabu ya juu. Zote mbili zikatwe sawa.

6. Jaribu

Funga kamba ya plastiki ya nyaya kwenye bomba la kung'aa, isukume hadi kwenye sili. Ukikaa na mzigo wa kawaida, iwe imesogea kati ya robo na theluthi ya mwendo. Kisha pita korongo lako baya kuliko yote. Ikibakiza kama milimita 10, acha hapo. Ikibakiza nusu ya mwendo, umekaza mno: tairi litarukaruka, breki ya mbele haitashika, na shingo ya fremu ndiyo itakayobeba kishindo. Punguza oili kabla ya kugusa springi.

Baada ya wiki moja kaza upya bolti za vibanio, na upitishe kidole chini ya sili uone kama kuna unyevu.