Pikapu ya kabureta ikigoma kuwaka, kabureta iache kwanza

Hapa Malaba, upande wa Uganda, bado zipo Hilux na Dyna za petroli zenye umri mkubwa kuliko madereva wake. Zinabeba kabichi za Kapchorwa, saruji ya Tororo, magunia ya mahindi. Nyingi naletewa zikivutwa kwa kamba, na kabureta yake, kile kifaa cha kuchanganya petroli na hewa, tayari iko ndani ya karai, vipande vipande, kwa sababu utingo aliifungua njiani. Nikipima waya wa koili, ile inayokuza umeme wa kuwashia petroli, moto (yaani cheche) hautoki hata kidogo. Kabureta ilionewa bure.

Kwa hiyo ndugu yangu, fuata mpangilio huu. Natumia mfano wa injini ya 12R, ile ya lita 1.6 kwenye Hilux za miaka ya 1970, lakini za aina yake hazitofautiani sana.

Anza na betri, na hapo usikae sana. Betri nzima iliyopumzika husoma volti 12.6 hivi, stata ikizunguka isishuke chini ya 9.6. Huna mita? Washa taa kubwa, mwenzako azungushe stata. Taa zikififia kidogo ni kawaida. Zikizimika kabisa, ama betri imechoka ama vichwa vyake vimeota ule unga wa kijani. Mwagia maji ya moto, piga msasa, kaza. Waya wa athi, ule wa hasi, unaotoka betri kwenda kwenye injini nao ukague, wengi wanausahau.

Stata ikizunguka kwa nguvu lakini gari haiwaki, tafuta moto. Chomoa waya mnene wa katikati kwenye kifuniko cha distributa (kifaa kinachogawa moto kwa kila plagi), ushike kwa koleo yenye mpira mkavu, ncha yake iwe kama milimita 6 kutoka kwenye chuma tupu cha injini. Mwambie mtu azungushe. Unataka cheche ya bluu, nene, inayolia "ta, ta, ta". Ikiwa ya njano na nyembamba kama uzi, haitoshi. Kazi hii usiifanye penye harufu ya petroli, na yule mama anayekaanga chapati kwenye sigiri karibu na gari lako muombe radhi, kisha sogeza gari mbali naye kwanza.

Moto haupo au ni dhaifu? Fungua klipu mbili za kifuniko cha distributa. Wakati wa mvua, ndani utakuta unyevu. Futa kwa kitambaa kikavu. Kiangalie kifuniko kwenye mwanga: ufa mwembamba uliojaa weusi ni njia ya umeme kukimbilia kwingine, na hapo dawa ni kifuniko kipya. Kisha zitazame platini, vile vipande viwili vinavyogusana na kuachana. Zungusha injini taratibu mpaka ziachane. Kama hazifunguki, gari haitawaka hata uisukume mpaka Jinja. Zikiwa nyeusi, zisugue kwa msasa laini, halafu pitisha karatasi safi katikati itoe vumbi la msasa. Nafasi yake ni milimita 0.45. Ukikosa fila geji, vile vibamba vya kupimia nafasi, kadi ngumu ya biashara inakaribia. Itakufikisha nyumbani, kesho upime vizuri. Za plagi ni milimita 0.8, na kadi ya benki ina 0.76, kwa hiyo pochi yako ni kipimo tosha.

Platini zikiungua upesi baada ya kusafishwa, badilisha kondensa, inayozuia cheche kuziunguza platini. Ni kitu kidogo cha bei ndogo, na sioni sababu ya dereva kusafiri bila ya akiba.

Kuna ugonjwa mmoja unaowachanganya hata mafundi: injini inawaka ukiwa bado unazungusha stata, ukiachia ufunguo tu inazima. Hapo watu hukimbilia petroli. Hapana. Stata ikizunguka, koili hupata umeme kwa njia ya mkato. Ukiachia ufunguo, umeme unapita kwenye rezista ya koili, ile inayoupunguza. Rezista ikikatika, gari inafanya hivyo hivyo. Ikague hiyo, na waya zake pia.

Moto ukiwa mzuri, sasa ndiyo twende kwenye mafuta. Injini ikiwa imezimwa, fungua kifuniko cha chujio la hewa, chungulia koo la kabureta, vuta kwa kidole mkono wa mafuta, ule unaovutwa na pedeli. Lazima uone petroli ikiruka ndani kwa mrija mwembamba. Kabureta nyingi za Toyota zina kioo kidogo cha duara ubavuni; petroli iwe katikati ya kioo. Kioo kikiwa kitupu, chomoa mpira unaoingia kabureta, uelekeze ndani ya chupa ya maji iliyo angavu, kisha zungusha stata. Pampu nzima inatema kwa mapigo. Isipotema, fungua kifuniko cha tangi: ukisikia hewa ikivutwa "fuuu", tundu la kupumulia limeziba. Halafu filta, halafu mipira ya zamani iliyopasuka, inayovuta hewa badala ya mafuta.

Chupa hiyo usiimwage. Iache itulie kidogo. Ukiona maji chini na petroli juu, umejua mafuta ya kwenye jerikeni ya pembeni mwa barabara yalikuwa na nini.

Ikiwa harufu ya petroli ni kali na plagi zimelowa, imekunywa kupita kiasi. Rudisha choki (kile kibao kinachobana hewa injini ikiwa baridi), kanyaga mafuta mpaka chini na ushikilie bila kupampu, zungusha kama sekunde 10, pumzisha stata, rudia. Kioo kikionyesha petroli imejaa mpaka juu, sindano ya boya, inayofunga petroli bakuli la kabureta likijaa, imenasa uchafu: gonga bakuli hilo polepole kwa mpini wa bisibisi. Na tafadhali, usimwagie petroli kooni huku mtu anazungusha na uso wako uko juu yake. Injini inaweza kurudisha moto, na nyusi hazina spea hata kule Kisenyi, Kampala.

Baada ya yote haya, ikibidi, ndipo ufungue kabureta. Ipige picha kwa simu kwanza. Skrubu ya mchanganyiko iingize mpaka igote kidogo huku ukihesabu mizunguko, ndipo uitoe, ili uirudishe palepale ilipokuwa. Jeti, vile vitundu vya kupitishia petroli, zipulizwe kwa kompresa ya vijana wa pancha. Ukizichokoa kwa waya, tundu linapanuka na gari itakula mafuta daima.